MOSHI WA KOMBI: TUUSOME KABLA YA KUIDHINISHA OVAHOLI

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za usharika)



Tumeombwa tuseme machache juu ya barua ambazo zimekuwa zikifika ofisini kwetu. Nyingi hazizidi mistari mitatu: gari linatoa moshi, fundi amesema ifanyike ovaholi, tunaomba fedha. Kwa gari la zamani hakuna gharama ya matengenezo inayozidi hiyo kwa urahisi. Wakati mwingine ni ya lazima. Lakini moshi peke yake hautoshi kuwa sababu, na leo tungependa kila mjumbe aondoke hapa akijua maswali ya kumuuliza fundi kabla mweka hazina hajafungua kitabu cha hundi.

Tunazungumzia Volkswagen zinazopozwa kwa hewa, yaani Beetle na Kombi za zamani. Beetle ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka 2003, na Brazil waliacha kufunga injini ya hewa kwenye Kombi mwishoni mwa mwaka 2005. Hivyo injini tuliyo nayo ndiyo ya kutunza.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Silinda zake nne zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule. Haina rejeta wala maji. Feni inayozungushwa na mkanda husukuma hewa ndani ya mabati yanayoizunguka injini, na hewa hiyo hupita kwenye mapezi ya silinda. Joto lingine huondolewa na oili, ambayo nayo hupozwa na hewa ya feni hiyo hiyo. Sasa injini ya 1600 hubeba oili lita 2.5 tu. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili: gari linalochoma oili linapoteza kilainishi, na papo hapo linapoteza sehemu ya kile kinachoipoza injini. Dereva anayesema "ni moshi tu, tutafika" anaweza asifike.

Swali la kwanza kwa fundi: moshi unatokea wapi? Msicheke. Katika injini hizi kuna mirija inayopita chini ya silinda, ambamo fimbo za kusukuma valvu hukaa na oili hurudi chini. Sili za mirija hiyo zikikauka, oili hudondokea kwenye bomba la moto na kutoa moshi chini ya gari, na abiria huusikia harufu yake hita ikifunguliwa. Huo si moshi wa ekzosi. Dawa yake ni sili, si pistoni.

Ukitoka kwenye ekzosi, tutazame rangi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, unaokwisha injini ikipata joto, ni mvuke tu. Kuna fundi mmoja aliyewahi kutuambia kwamba gasketi ya silinda hedi inapitisha maji. Tulimwomba atuonyeshe maji hayo yanahifadhiwa wapi katika gari hilo. Weupe usiokwisha, mzito na wenye harufu ya kuungua, mara nyingi ni oili, hata kama machoni hauonekani wa bluu.

Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Hapa angalieni chujio la hewa, choki iliyokwama ikiwa imefunga, na kabureta inayofurika. Gari lililorekebishwa kabureta pwani likihamia milimani, ambako hewa ni nyepesi, nalo huelekea upande huo huo. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo, ila msiiahirishe. Petroli isiyoungua huosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Vuteni kijiti cha kupimia, mnuse. Kama oili inanuka petroli, au imepanda bila mtu kuongeza, gari lisitembee mpaka chanzo kipatikane na oili ibadilishwe.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na ndio unaozaa barua nyingi. Tukae hapa kidogo, kwa sababu cha kuuliza si rangi tena, ni wakati. Je, unatoka mara moja tu wakati wa kuwasha, kisha unaisha? Silinda zimelala, kwa hiyo gari likiegeshwa limeinama upande mmoja, oili kidogo hupenya hadi kwenye chumba cha moto. Hilo, likitokea mara chache, si ugonjwa. Je, unatoka baada ya kuteremka mlima mrefu kwa gia bila kukanyaga mafuta, halafu dereva anapokanyaga tena wingu linafumuka nyuma? Gaidi za valvu zimelika, na oili inanyonywa kupitia humo. Kazi iko kwenye silinda hedi. Je, unatoka wakati wa kupanda, gari likiwa na mzigo, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, moshi unapuliza kwa nguvu? Hapo ringi na silinda ndizo za kushukiwa.

Lakini kabla ya hayo yote kuna mambo mawili yasiyohitaji fedha. Moja, oili iliyojazwa kupita alama ya juu. Injini hizi hupumua kupitia mpira unaokwenda kwenye chujio la hewa, na oili iliyozidi hupita humo ikaingia kwenye kabureta na kuungua. Pili, Volkswagen nyingi za zamani zina chujio la hewa lenye bakuli la oili, nalo likijazwa kupita kiasi huleta moshi ule ule. Kwa barabara zetu za vumbi bakuli hilo ni muhimu mno, na kulisahau likauke ni kukaribisha mchanga kwenye silinda.

Baada ya hapo fundi atoe plagi zote nne na kuzipanga kwa namba za silinda. Plagi moja iliyolowa oili na tatu kavu ni habari tofauti kabisa na plagi nne zilizolowa. Kisha apime kompresheni, aandike namba nne kwenye karatasi, na karatasi hiyo iambatanishwe na maombi. Mafundi wengine huongeza kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, kosa liko kwenye valvu. Sisi hatuliamini sana jaribio hilo kwa injini hii, maana silinda ikiwa imelala oili hukaa upande wa chini.

Ikithibitika kuwa silinda zimekwisha, ankara isomwe vizuri. Hapa kila silinda ni kipande chake, na pistoni na silinda huuzwa pamoja kama seti. Mkiona ankara imeandika kuchonga bloku, ulizeni ni bloku ipi.

Aidha ulizeni zimekwisha kwa nini. Mara nyingi tumekuta mabati ya injini yametolewa na hayakurudishwa, au mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini umekatika, na feni ikawa inavuta tena hewa ya moto kutoka chini. Seti mpya ikifungwa kwenye injini ya namna hiyo itachoka kama ya kwanza. Mabati na mpira viwekwe kwenye bajeti ile ile. Na dereva aelezwe kwamba taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani asimame hapo hapo na kutazama mkanda, kwa sababu mkanda ukikatika feni nayo imesimama.

Kombi ya idara iko uwanjani, haijawashwa tangu jana saa kumi jioni, na imeegeshwa kwa makusudi mahali palipoinama. Tunaomba wajumbe wawili wasimame nyuma ya ekzosi na mmoja ashike kijiti cha oili. Dereva, tafadhali ngoja kwanza tupime, ndipo uwashe.