Maji Yakishatoka Bombani



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini, yaani kupima athari za miradi ya maji ya mijini kwa mazingira. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Zamani kidogo niliandika taarifa ya mradi wa maji wa mji mmoja mdogo. Nilipima mto, nikahesabu miti itakayokatwa, nikaonyesha bomba litapita wapi. Wakubwa wakaisifu. Maji yalipofika, vigelegele! Baada ya masika mawili nikarudi, nikakuta mashimo ya vyoo yamefurika na maji machafu yanatiririkia kijito ambacho akina mama walikuwa wakimwagilia mchicha. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, haya maji mliyotuletea mlidhani yatakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Katika kurasa zangu zote hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya maji yanayotoka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wahandisi hukadiria kwamba katika kila lita 10 zinazotumika nyumbani, 8 hivi hutoka zikiwa taka. Sasa chukueni Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa miaka ya 1970, umepanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Ule wa Ruvu Juu, wa mwaka 1959, kutoka milioni 82 hadi 196. Upanuzi ulihitajika, sibishi. Lakini nyumba nyingi zingali zikitegemea mashimo, na uchafu mwingi huishia mto Msimbazi, kisha baharini.

Na huko juu je? Ruvu hupata maji yake mengi milima ya Uluguru. Miteremko ikiwa mitupu, mvua hushuka na udongo kwa mkupuo, na kiangazi mto hukonda. Mvua zilipokosekana mwaka 2022, Ruvu ilipungua hata jiji likaingia kwenye mgawo wa maji.

Sisi hapa tulichota kisimani kwa ndoo, na aliyebeba ndoo kichwani hamwagi ovyo. Leo naona mabomba kila bweni. Asubuhi nimeufuata mtaro wa nyuma ya bafu. Unaishia bustanini kwa jirani. Mkuu wa Shule amekubali nirudi mwezi ujao tuupime pamoja na Kidato cha Tatu. Njooni na kamba, madaftari na viatu vibovu.