Nani ananunua kwa jina letu? Hotuba yetu kwa vijana wa Lubumbashi



Tunajua wengine wametembea kwa miguu toka Ruashi na Katuba juu ya bei ya transport. Hatutawachelewesha. Maneno haya tunayaweka pia kwenye ukurasa wetu, ili wale ambao hawakufika wayasome na wayatume kwa wengine.

Leo hatutaanza na wezi. Tumezoea kuanza na wezi: tunaona picha ya barabara iliyoharibika kabla ya mwaka kuisha, tunaandika "voleurs", tunapata likes elfu, kisha tunalala. Leo tunataka kuongea juu ya mtu ambaye hakuna anayemjua. Ni yule agent wa leta anayekaa nyuma ya meza na kuandika karatasi ya kununua: bancs za shule, dawa za centre de santé, kisima, lami. Tujiulize: ni nani? Alichaguliwa namna gani? Nani alimfundisha kazi?

Tuwaambie jambo moja tuliloona kwa macho yetu. Tulienda kwenye biro ya entité moja ya jimbo letu. Jina hatulitaji, maana shida si ya ile biro peke yake. Tuliomba kuona karatasi za appel d'offres ya bancs za shule. Walitupokea vizuri, tuseme ukweli. Tukasoma ukurasa wa tano: kampuni inayotaka kushindana lazima iwe na mashine ya kushindilia udongo na camion ya kumwaga lami. Kwa bancs za watoto!

Tulimuuliza agent. Ni baba mwenye heshima, hakutuficha kitu. Akasema: "Bana yangu, miye nilikuwaka mwalimu wa calcul. Chef aliniita, akasema we utafanya marchés publics. Nikaenda kwenye séminaire siku mbili, balitupatia cahier na Bic. Ile karatasi nilikopi kwa mwenzangu, yeye alikuwa na marché ya barabara."

Tulicheka njiani. Tulipofika nyumbani hatukucheka tena. Fundi seremala wa Kenya au Kamalondo, anayejua kutengeneza banc nzuri, alisoma ile karatasi akaona hana camion ya lami, akaacha. Aliyebaki ni nani? Ni mwenye camion, au mwenye kaka ndani ya biro. Yule baba hakuiba hata franga moja. Lakini kwa kutojua, alimfungulia mlango yule aliyetaka kuiba.

Hapo ndipo tunataka mtusikilize vizuri. Pesa ya leta haiibiwi tu kwenye banki. Mara nyingi inapotea mapema, kwenye karatasi, siku ile mtu asiyejua kazi anapoandika kile leta inataka kununua. IGF ikifika, mahakama ikifika, pesa imekwisha kuondoka, na darasa bado halina bancs. Kesi inaweza kumpeleka mtu Kasapa, na ni haki yake kama ameiba. Lakini kesi haijengi shule.

Sasa, sheria inasema nini? Tangu tarehe 27 Aprili 2010 tuko na sheria namba 10/010 juu ya marchés publics. Inahusu leta ya Kinshasa, majimbo, entités territoriales décentralisées na mashirika ya leta. Inasema appel d'offres ndiyo kanuni, na gré à gré, yaani kumchagua mtu mmoja bila kushindanisha, ni kwa hali chache tu na kwa ruhusa maalum. Inakataza kukata soko moja vipande vipande ili kukimbia mashindano. Ndani ya mpango ule kuna vyombo vitatu. Kila anayenunua kwa jina la leta lazima awe na CGPMP, ile cellule inayoandaa na kuendesha manunuzi. DGCMP inakagua. ARMP inasimamia kanuni, inapokea malalamiko ya makampuni, na kuwafundisha agents ni moja ya kazi zake.

Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini cellule ni bantu. Kama hakuna bantu wanaojua, cellule ni kibao tu kwenye mlango.

Na ile kazi si ya kubahatisha. Kwanza unapanga manunuzi ya mwaka mzima kulingana na bajeti. Unajua bei ya kweli sokoni kabla ya mtu kukuletea yake. Unaandika unachotaka kwa maneno kamili. Ukiandika tu "bancs za mbao", utaletewa mbao laini zinazovunjika kabla ya Pasaka. Lazima useme mbao gani, unene gani, misumari au vis. Kisha unatangaza, unafungua bahasha mbele ya watu, unalinganisha kwa vigezo ulivyotangaza mwenyewe, unaandika mkataba. Mwishoni unaenda kuhesabu na kupima kabla ya kusaini réception. Mtu huyo anahitaji kidogo cha sheria, kidogo cha hesabu, kidogo cha uhandisi, na moyo wa kumwambia mkubwa: "Hapana, Excellence, hii haiwezekani, sheria inakataza."

Kwa nini tunalisema hapa, Haut-Katanga, na kwa nini sasa? Juu ya mines. Code minier iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inagawa redevance minière hivi: asilimia 50 kwa leta ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Redevance ya shaba ni asilimia 3.5, na cobalt, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Maana yake, kuna chefferies, secteurs na communes za Haut-Katanga na Lualaba ambazo zamani zilikuwa hazina hata pesa ya kununua rame ya karatasi, na leo zinapokea pesa nyingi kwa dola. Pesa ilifika. Je, bantu wa kuitumia walifika pamoja nayo?

Tazameni pia namna leta yenyewe inavyojihukumu. Programu ya maendeleo ya territoires 145, iliyoanza 2022, ilipaswa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala nchi nzima. Kazi ya kununua na kusimamia ilikabidhiwa kwa BCeCo, CFEF na PNUD. Mbili za kwanza ni za leta, ya tatu ni ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi hawawezi. Tunasema hivi: kila mara leta inapokuwa na kazi kubwa, inatafuta biro maalum au mgeni, na administration ya kawaida inabaki pale pale, bila kujifunza. Miaka kumi ijayo tutarudia hivyo tena?

Tuje kwa recrutement. Inueni mkono kama mmewahi kuona tangazo la concours ya kazi hii limebandikwa kwenye komini yenu. Tunaona mikono miwili, na mmoja anacheka. Ndugu zetu, sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya agents wa leta inaweka concours kuwa njia ya kuingia kazini. Katiba, kifungu cha 193, inasema administration haina chama, haiegemei upande wowote, na hakuna mwenye haki ya kuitumia kwa faida yake binafsi. Lakini namna tunavyoijua kazi hii ikitolewa ni: "We ni mutoto wa nani?" Minisita mpya akifika, anakuja na bantu wake. Yule aliyeanza kujua kazi anahamishwa, na wote wanaanza tena na cahier na Bic.

Na wakati huo, UNILU inatoa kila mwaka vijana wa droit, wa économie, wa polytechnique. Wako hapa ndani. Wanauza unités, wanaendesha moto, wanaandika lettres ambazo hakuna anayezijibu. Nchi inakosa wanunuzi waliosoma kazi, na vijana waliosoma wanakosa kazi. Mambo haya mawili yanakaa katika mji mmoja na hayakutani.

Jirani zetu walifanya namna gani? Tanzania ilitunga sheria mwaka 2007 inayounda bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB. Mtu anafanya mitihani, anasajiliwa, na akivunja maadili anaweza kufutwa. Kenya pia mwaka ule ule wa 2007 ilitunga sheria ya kusajili watu wa kazi hiyo. Wizi ulikwisha kule? Hapana, nao wanalia kama siye. Lakini kule kununua kwa jina la leta ni métier, kama uganga au uwakili. Kuna shule yake, kuna cheo chake, kuna haya ya kuifanya vibaya. Kwetu bado ni kiti tu ambacho chef anampa anayempenda.

Sasa kuna mwenzetu aliyetuuliza kwenye mkutano wa maandalizi: "Mukimufundisha mwizi, si ataiba kwa akili zaidi?" Swali ni la kweli, hatutaki kulikwepa. Masomo peke yake hayatoshi. Kuna mafundi wakubwa wa gré à gré ambao wanajua sheria kuliko siye wote. Ndiyo maana hatuombi masomo tu. Tunaomba vitu vinne, na vyote vinatembea pamoja.

Cha kwanza: concours ya wazi kwa nafasi za CGPMP, za jimbo na za entités. Itangazwe kwenye redio, kwenye komini na kwenye vyuo, na majina ya waliofaulu yabandikwe pamoja na points zao.

Cha pili: masomo ya kweli, hapa kwetu. Si séminaire ya siku mbili ndani ya hoteli na per diem. ENA ilianzishwa tena 2013 na inachukua wanafunzi kwa concours. Iwe na nafasi za kutosha kwa kazi hii. Vyuo vya hapa vifungue filière yake. ARMP ifundishe majimboni. Na kila aliyefaulu akae miezi kando ya mtu anayejua kazi, aandike karatasi, akosolewe, aandike tena.

Cha tatu: ulinzi na mshahara. Mtu anayeshika masoko ya mamilioni, na mshahara wake haufiki au haumfikishi tarehe kumi na tano, tunamweka katika majaribu kila asubuhi. Alipwe kwa wakati. Asifukuzwe kwa sababu amekataa kusaini. Na yeye pia atangaze mali yake na jamaa zake wenye makampuni.

Cha nne: mwanga. Mpango wa manunuzi, jina la aliyeshinda, bei na tarehe ya kumaliza, vyote vitangazwe, kwenye intaneti na kwenye mlango wa biro. Agent mwema akitazamwa na wananchi, anapata nguvu ya kusema hapana. Agent mubaya akitazamwa, anaogopa.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kupeleka pétition kwa wenye mamlaka. Yetu iko tayari, iko kwenye meza pale nyuma. Isomeni kwanza, kisha musaini. Tutaipeleka kwa gavana na kwa Assemblée provinciale, mchana, bila jiwe, bila pneu.

Lakini kuna sehemu ambayo ni yetu siye wenyewe. Tunawaomba mchague avis d'appel d'offres moja kila mwezi na muisome pamoja kwenye quartier. Nendeni siku ya kufungua bahasha, andikeni bei zinazosomwa. Baadaye nendeni kuhesabu bancs. Na ninyi mliosoma droit, comptabilité, génie civil: siku concours ikitangazwa, musikae pembeni mkisema "tayari kuna majina yao". Pelekeni dosiye. Wakiwakataa, tutauliza pamoja kwa nini. Wakiwachukua, tutawafuata kwa macho yale yale tunayowafuata nayo wengine. Mukila, tutawataja. Hilo tunaliahidi pia.

Maana kuna kitu kimoja kinatuumiza. Tumekuwa hodari wa kusema hapana kutoka nje. Tunahitaji pia vijana watakaosema hapana kutoka ndani, kwenye ile meza, wakiwa na sheria mkononi, kabla pesa haijatoka.

Yule baba wa calcul, tulipoondoka, alitushika mkono akasema: "Bana yangu, mukipata mutu wa kunifundisha, mumulete. Miye siko muzee wa kukataa kusoma." Hatujamletea mtu bado. Tulimwahidi tutarudi. Nani kati yenu atakuja pamoja nasi?