Rola, Kodi na Nyasi: Tunavyoweza Kuandika Historia ya Klabu ya Tenisi ya Kijijini



Tukiombwa kuandika historia ya klabu ya michezo, wengi wetu hukimbilia orodha ya mabingwa. Mimi naomba tuanzie chini, penye udongo: shamba lilikuwa la nani, kodi ilitoka wapi, nyasi zilitunzwa kwa chombo gani. Mfano wangu ni Wimbledon, kusini-magharibi mwa London. Jina hilo limekua hata tumesahau kwamba ni la kijiji, na kwamba klabu yake ilianza na watu sita.

Watu hao walikutana tarehe 23 Julai 1868 katika ofisi za gazeti la The Field, lililohaririwa na John Henry Walsh. Tenisi haikuwamo katika mawazo yao. Walipenda kroketi, mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao upite kwenye vitao vilivyochomekwa ardhini. Mwaka uliofuata wakapanga ekari 4 barabara ya Worple, kando ya reli, kwa pauni 50 kwa mwaka. Mwaka 1875, Henry Jones akiwa ndiye mshawishi, kipande kimoja cha uwanja kilitengwa kwa tenisi, mchezo ambao Walter Clopton Wingfield alikuwa ameupatia hataza mwaka mmoja tu kabla.

Nyasi hizo zilisawazishwa kwa rola, na hapo kwenye rola ndipo ningependa tukae. Walsh aliipa klabu rola ya kuvutwa na farasi mdogo, na binti yake akafanywa mwanachama wa maisha. Kufikia 1877 rola ilihitaji matengenezo na fedha hazikuwapo. Ili kuzipata, viongozi wakaamua kuitisha mashindano ya tenisi. Tangazo la The Field liliwataka wachezaji waje na raketi zao wenyewe na viatu visivyo na visigino, maana visigino huchimba nyasi. Tazameni jinsi hofu ya mtunza uwanja ilivyoingia katika masharti ya mashindano! Mwandishi anayeruka sharti hilo ameiruka klabu yenyewe.

Kamati ya watu watatu, Jones, Julian Marshall na C. G. Heathcote, ilikaa kutunga kanuni. Uwanja wa Wingfield ulibanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Wao wakaufanya mstatili wa futi 78 kwa 27. Anayepiga chokaa uwanja wa mchezaji mmoja mmoja Arusha au Mombasa leo anafuata vipimo hivyohivyo.

Walijiandikisha wachezaji 22. Mvua ikaisogeza fainali hadi Alhamisi, tarehe 19 Julai, na watu kama 200 wakalipa shilingi moja moja kutazama. Alishinda Spencer Gore, mcheza kriketi aliyekulia jirani na hapo. Wanawake walisubiri hadi 1884. Walikuja 13, na Maud Watson akamshinda dada yake Lilian katika fainali.

Mwaka 1922 klabu ilihamia barabara ya Church. Uwanja mkuu uliitwa wa Kati kwa sababu kule Worple ulikuwa katikati kweli. Makao mapya hayakuwa hivyo, lakini jina likahama na watu, na halikupata ukweli wake tena mpaka viwanja vingine vilipoongezwa mwaka 1980. Kwa hiyo nawasihi: mnapokuta jina la uwanja lisiloeleweka, msilisahihishe. Liulizeni limetoka wapi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili palifugwa nguruwe na kuku ndani ya klabu, na Oktoba 1940 bomu liliharibu viti 1,200 vya Uwanja wa Kati. Mashindano yalirudi mwaka 1946. Kwenye nyasi za makao hayo ndipo Angella Okutoyi, mwaka 2022, alipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano makubwa manne ya dunia. Nilifurahi mno siku ile, na furaha hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye habari za rola.

Katika klabu zetu, karatasi za namna hii ziko kwa watunza viwanja na waliokuwa waweka hazina: stakabadhi za kodi, daftari la ada, hesabu ya nyavu na chokaa. Naomba kila mshiriki aanze na wazee hao kabla hajagusa kabati la vikombe. Kule Worple, shamba lile la ekari 4 sasa ni uwanja wa michezo wa shule ya wasichana.