Dawa ya Njiani Haimalizi Ugonjwa

Maneno ya mwanachama mmoja, mvuvi na fundi wa moteri, kwenye mkutano wa wanachama na wafadhili, Baraka, teritwari ya Fizi. Komite imeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Komite imenipa dakika 15 niseme juu ya kutengeneza moteri na mitumbwi kule ziwani, wakati uko mbali na fundi na mbali na duka. Dakika 15 ni namba nzuri. Sisi Wakongomani tunaijua: Artikle 15! (Watu wanacheka.) Kila mtu ajipange mwenyewe. Leo nitaisifu hiyo Artikle, kisha nitaisema vibaya. Munivumilie.

Nianze na mahali nilijifunza. 1996 vita ilipotukuta hapa tulivuka ziwa, mimi nikiwa kijana mdogo. Kule kambini Tanzania hatukuruhusiwa kutoka zaidi ya kilometa 4. Baiskeli ikiharibika, duka la kweli liko mbali na feza hakuna. Nilimwona mzee mmoja tairi lake limepasuka. Alijaza majani makavu ndani, akashindilia kwa fimbo, akalifunga kwa waya, akaendelea na kuni zake. Pale ndipo nilianza ufundi. Tangu 2005, wakati meli zilianza kuturudisha toka Kigoma mpaka hapa Baraka, kila mtu alishuka na mzigo wake: mabati, masufuria, magodoro. Mimi nilishuka na mfuko wa spana, na mke wangu alinikasirikia. Ule mfuko ndio umesomesha watoto wetu.

Sasa tuingie ziwani. Moteri imezima katikati ya usiku. Kitu cha kwanza: usivute kamba kama mtu anayegombana na ng'ombe. Utachoka, na esansi itajaa ndani, bujii zitalowa. Kaa chini. Uliza moteri maswali matatu: esansi inafika? Moto uko? Maji yanapita?

Esansi. Angalia kwanza kile kizibo cha juu ya tanki. Mara nyingi mtu alifunga tundu la hewa, na tanki isipovuta hewa, esansi haitoki. Fungua tu, moteri itawaka, na wewe utaona haya. Kama si hivyo, mimina esansi kidogo kwenye chupa nyeupe, ngoja itulie. Maji yakiwemo utayaona chini, maana esansi inaelea juu yake. Esansi tunayonunua kwenye chupa kando ya barabara, kila mtu anajua ina nini ndani. Mimina ile ya juu polepole, ile ya chini uiache.

Moto. Toa bujii, pangusa, kausha, kwangua ule weusi kwa brashi ya waya, rudisha. Ikiwa imekufa kabisa, unahitaji mpya, na kama hukubeba mpya, Artikle 15 haitakusaidia. Kamba ya kuwashia ikikatika, usiogope: fungua kile kifuniko cha juu, piga fundo kwenye kamba yoyote ngumu, tia fundo kwenye pengo la gurudumu la juu, zungusha mara mbili tatu, vuta. Lakini lile gurudumu sasa liko wazi: vaa nguo ya kubana, na mtoto asikae karibu.

Maji. Ule uzi wa maji unaotemwa nyuma ukikoma, zima mara moja. Usiseme "tumalizie tu mpaka ufukweni". Inua moteri, angalia tundu la kuvutia maji. Mara nyingi ni sasheti ya plastiki imenasa pale. Ukishatoa, chokoa tundu la kutema kwa waya mwembamba. Kama bado haitemi, mpira wa pampu umekwisha: chukueni makasia. Ni afadhali mikono iume kuliko kupika moteri ya watu sita.

Mtumbwi ukianza kuingiza maji kwenye maungio ya mbao, pamba au kitambaa cha zamani kilichochovywa ndani ya mafuta ya mawese, unakisukuma kwenye ufa kwa bisibisi butu. Mbao ikitoboka, kata bati la kopo, weka kitambaa chenye mawese chini yake, pigilia misumari kuzunguka. Bidoni ya esansi ikivuja, kipande cha sabuni kavu, sugua mpaka ufa ujae. Esansi haiyeyushi sabuni, kwa hiyo inashika mpaka nyumbani.

Na mpira wa ndani wa baiskeli! Ukikatwa vipande virefu, unafunga kasia lililopasuka, unafunga mti wa taa, unafunga kila kitu. Kila kitu isipokuwa kimoja. Hicho ndicho kilichonileta hapa leo, na ndipo nitaacha kuchekesha watu.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati kusi inavuma. Tulikuwa tunarudi toka upande wa Ubwari, na mpira wa esansi ulipasuka karibu na kichwa cha moteri. Nikakata pale palipopasuka, nikaunganisha, nikafunga kwa mpira wa baiskeli, mizunguko mingi, ngumu kabisa. Tukafika. Ekipe yote ilinisifu. Mimi pia nilijisifu.

Asubuhi nilikwenda kwenye kese yetu, hii hii ya chama, kuomba mkopo wa mpira mpya. Bei yake haifiki bei ya beseni moja la ndagala. Nikajibiwa: sheria inasema mkopo ni wa ugonjwa, matanga na masomo, na mpira wa moteri si ugonjwa. Simlaumu aliyenijibu. Ndivyo tulivyoandika sisi wenyewe, na mimi niliinua mkono siku ile tukiipitisha. Nyumbani ile feza sikuwa nayo, na watoto walikuwa wanadaiwa shule. Nikasema, lakini imeshika, si inashika? Tukarudi ziwani usiku ule ule, na usiku uliofuata. Tulikwenda mara kumi na moja na ile dawa ya njiani.

Wandugu, mpira wa baiskeli na esansi si marafiki. Esansi inaulainisha, unavimba, unalegea. Mimi fundi nilijua. Ile mara ya kumi na mbili esansi ilidondoka polepole chini ya mbao tunazokanyaga. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, haupandi juu uende zake, unalala ndani ya mtumbwi kama maji. Na harufu ya esansi sisi tumeizoea, hatuisikii tena. Kijana wetu akawasha karabai.

Moto ulitoka chini. Mmoja wetu akachota maji akamwagia, na moto ukaelea juu ya yale maji ukamfuata mpaka nyuma. Tuliuzima kwa blanketi tulilolowesha, tukaufunika mpaka ukakosa hewa. Ile mikono ya kijana tuliitia ndani ya maji ya ziwa kwa muda mrefu, na hatukupaka mawese wala dawa ya meno, hilo angalau tulifanya vizuri. Kisha tukapiga kasia mpaka kulipokucha, na yeye hakulia. Ni mimi niliyelia.

Alilala hospitali wiki tano. Ni nani alilipa? Kese yetu. Kwa sababu sasa ilikuwa ugonjwa. Wandugu, hesabu hiyo ifanyeni wenyewe mukiwa nyumbani. Kese iliyokosa njia ya kutoa bei ya mpira ndiyo iliyotoa bei ya wiki tano za kitanda na dawa.

Kijana yuko hapa, ameketi kule nyuma. Amenikubalia niseme, ila jina lake nisilitaje. Vidole vya mkono wa kuume havifungi vizuri, wavu hawezi kuvuta tena. Leo anaandika daftari la ekipe, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wengi hapa.

Basi nina mambo manne ya kuomba.

La kwanza, kila ekipe ibebe mfuko wake: bujii mpya mbili, kipande cha mpira wa esansi wa kweli na vibano vyake, kamba, waya, spana ya bujii, bisibisi, pamba, bati, misumari, sabuni, taa ya betri, na ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto. Hivyo vingi tunavyo majumbani, vimetawanyika tu.

La pili, daftari. Kila dawa ya njiani iandikwe siku tunaporudi, kama deni. Mtumbwi wenye deni hautoki mpaka deni lilipwe. Usiku wa mwezi mkubwa hatuvui na lamparo, samaki hawafuati taa. Hizo siku tusizilale. Ndizo siku za fundi.

La tatu, tubadilishe sheria ya kese. Vipuri vya usalama viingie: mpira wa esansi, bujii, mpira wa pampu. Mkopo uwe mdogo, ulipwe kwa mavuno ya usiku unaofuata, na atakayechelewesha atajwe mkutanoni kama tunavyofanya kwa mikopo mingine. Mama mweka kese ameniuliza: na kama kila mtu atakuja kudai mpira? Ni swali la haki. Nimemjibu, aje na ule wa zamani mkononi. Bila mpira wa zamani, hakuna mkopo.

La nne ni kwenu wafadhili wetu. Mulitupa moteri, na hatusahau. Lakini moja imelala nyuma ya ofisi chini ya turubai. Haikufa kwa uzee. Inakosa kipande kinachoenea kwenye kiganja, na aina ile haiuzwi hapa wala Uvira. Mara nyingine mutuulize kwanza ni aina gani ambayo vipuri vyake tunapata, na sehemu ya ile feza iwe ya vipuri tangu siku ya kwanza. Moteri moja yenye vipuri inatushinda mbili zisizo navyo. Nasema hivi kwa heshima, kama mtu wa nyumbani.

Artikle 15 ilitufikisha kambini, ikatulisha huko, ikaturudisha. Sitaikana. Lakini kazi yake ni kukufikisha ufukweni tu. Tulijiunga katika hiki chama ili mtu akifika ufukweni asijipange tena peke yake.

Maswali nayangojea, na mwenye bujii ya zamani aje nayo, nitamwonyesha kuisafisha.