Trei ya Kuokea ni Mtaji



Mama anayeoka keki kwa jiko la mkaa ili watoto wapate madaftari, aghalabu hupoteza trei yake si motoni, bali kwenye beseni la kuoshea. Trei ya chuma ikilala na maji hushika kutu, hasa msimu wa mvua hapa Tunduma, Novemba hadi Aprili. Keki hunata, mteja huondoka. Mabaki yaliyoganda yalainishwe kwa maji ya moto na sabuni, trei ifutwe, ikaushwe juu ya makaa yanayofifia, kisha ipakwe mafuta kidogo. Ya alumini isisuguliwe kwa magadi wala majivu, maana hulika na kuwa nyeusi. Trei ikitunzwa, faida haitaishia dukani kununua nyingine.