Kabla ya Kununua Gari Dogo la Dizeli Lililotumika



Niruhusuni nianze kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutazama gari dogo la dizeli lililokuwa likiuzwa mtaa wa jirani. Tuliahidiana saa mbili asubuhi. Nilipofika, nilimkuta muuzaji amekwisha kuliosha, na injini inanguruma taratibu chini ya mwembe. Nikadhani ni ukarimu. Nikalipa akiba ya miaka minne. Kesho yake alfajiri gari likagoma kuwaka, na fundi niliyemwita hakuhitaji zaidi ya nusu saa kunionyesha kile ambacho injini ya moto ilikuwa imenificha.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: likute gari likiwa baridi. Gusa boneti kabla ya kumsalimu muuzaji mara ya pili. Ikiwa ina joto, omba kurudi siku nyingine. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Huibana hewa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuyaunguza. Kwa hiyo plagi za kupashia moto zilizochoka, nozeli zilizochakaa na silinda zisizobana vizuri hujidhihirisha katika uwashaji wa kwanza, nalo joto huzisitiri.

Magari haya yana sifa njema. Mazda Demio yenye injini ya dizeli ya lita 1.5, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, ni mfano mmoja wa aina hii: umbo dogo, mafuta kidogo, nguvu ya kutosha mlimani. Lakini wepesi huo hutokana na tabo, pampu ya shinikizo kubwa na kichujio cha masizi, vifaa ambavyo gari la petroli la kawaida mara nyingi halinavyo kwa pamoja, na ambavyo bei yake hushtua.

Injini ikiwaka, simama nyuma utazame moshi. Moshi kidogo unaotoweka upesi si neno. Moshi mweusi unaoendelea hueleza kwamba mafuta hayaungui sawasawa: huenda hewa haitoshi, nozeli ni mbovu, au njia za hewa zimeziba kwa masizi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na pengine tabo inavuja. Moshi mweupe usiokoma huweza kuwa dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda.

Injini ikiwa imezimwa na gari limesimama mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili. Usiogope weusi wake, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi upesi. Tazama kimo. Wengi wetu tumefundishwa kuogopa oili iliyopungua. Katika gari hili ogopa pia iliyozidi. Sababu ni hii. Kichujio kikijaa masizi, kompyuta ya gari huongeza mafuta ili joto lipande hadi nyuzi 600 hivi za Sentigredi, masizi yateketee. Kazi hiyo hukamilika vizuri katika safari ndefu isiyokatizwa. Gari lililozoea kwenda sokoni na kurudi, au kukaa kwenye foleni za mjini, huzimwa kazi ikiwa haijaisha. Dizeli isiyoungua huchuruzika na kuchanganyika na oili. Oili iliyopita alama ya juu, nyepesi na yenye harufu ya dizeli, haiwezi tena kuilinda injini wala tabo.

Kisha chukua kitambaa cheupe, ukipitishe ndani ya mdomo wa bomba la moshi lililopoa. Kichujio kizima huacha bomba karibu safi. Masizi mengi ni dalili kwamba kichujio kimepasuka au kimeondolewa. Muulize pia mwenye gari alikuwa akijaza mafuta wapi. Dizeli ya kwenye madumu, yenye maji au iliyochanganywa, huharibu pampu na nozeli.

Tazama dashibodi. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa za tahadhari zinapaswa kuwaka kwanza, na injini ikishawaka zizimike. Taa isiyozimika ni tatizo. Taa isiyowaka kabisa yaweza kuwa tatizo lililofunikwa. Mwombe fundi wako, si wa muuzaji, alipime gari kwa kompyuta kabla ya kuliendesha na baada ya kuliendesha, maana kumbukumbu za hitilafu hufutika kwa dakika moja, ila hitilafu yenyewe hubaki.

Liendeshe nusu saa, mkipita mlimani. Sikiliza mlio mkali kama filimbi. Pima kama nguvu inakatika, kama klachi inateleza injini ikiunguruma bila mwendo kuongezeka, na kama kipimo cha joto kinapanda. Kamwe usifungue rejeta ya moto.

Sasa nyaraka. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya usajili. Kilomita za kwenye mita zilingane na uchakavu wa usukani na pedali, kumbukumbu za matengenezo na, kwa gari lililotoka Japani, cheti cha kuliondoa katika usajili wa huko. Hakikisha halina deni la benki wala faini za barabarani, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato bila kuchelewa.

Yote haya yana uzito wa kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi zaidi anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo kuliko anaponunua kwa mtu binafsi. Tena, mnunuzi aliyekagua hawezi kutegemea kinga hiyo kuhusu kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Kwa hiyo usikague juujuu. Ahadi za muuzaji ziandikwe katika mkataba: kilomita, ajali, hali ya injini. Mfanyabiashara akikudanganya, Tume ya Ushindani ipo, na maandishi ndiyo shahidi wako.

Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu niliona haya kusema, “Zima, nitarudi kesho.” Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maneno hayo. Asiyetaka urudi kesho, amekwisha kukujibu.