Kumtafuta mwalimu wa fizike kwa watoto wetu

(Maneno ya mama mmoja wa kamati ya masomo, katika mkutano wa wazazi hapa Baraka. Tumeyaandika vile alivyoyasema.)



Mimi si mwalimu. Ninauza ndagala na mukeke pale sokoni, wengi munanijua. Vita vya 1996 vilinikuta kelasi ya sita ya primere, tukavuka ziwa mbele ya kufanya egzame. Fizike sijaisoma hata siku moja. Kama kamati imeniomba nisimame hapa, ni juu nimelipa mwalimu wa fizike mara mbili. Mara ya kwanza feza ilianguka majini. Mara ya pili ilizaa.

Wale watoto wenu waliosoma Nyarugusu walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Binti yangu hapana. Sisi tulikuwa tumejibanza Kigoma mjini, yeye alisoma primere kwa Kiswahili, kisha sekondari miaka miwili kwa Kiingereza. Tuliporudi wakamuweka kelasi ya tatu, na kwa kuwa alikuwa na akili ya hesabu, wakampeleka opsio ya matematike na fizike. Mwaka wa kwanza buletini ilikuja na nyekundu. Mwaka wa pili vilevile. Nikasema, basi, nitamutafutia mwalimu wa pembeni. Kule Tanzania tulikuwa tunaita tuisheni, hapa wanaita repetisyo, lakini mfuko unaotoboka ni uleule.

Nilifanya kosa ambalo karibu kila muzazi analifanya. Nilimchukua yule aliyekuwa karibu: mwalimu wake wa kelasini. Jina lake sitalitaja, wala masomo yake. Nilifikiri, huyu anamujua mtoto, na siku ya pwenti atamkumbuka. Munaona roho yangu ilikuwa wapi. Nililipa dola 10 kwa mwezi, miezi 7. Binti alikuwa anarudi na kaye imejaa, maandishi mazuri, mistari imenyooka. Mimi nafurahi. Baadaye ndipo nilielewa kwamba kaye ile ilikuwa ya mwalimu, mkono tu ndio ulikuwa wa mtoto. Alikuwa anawaandikisha maulizo ya Exetat ya miaka iliyopita pamoja na majibu, wao wanakariri. Ulizo likianza na maneno haya, jibu ni namba 3. Kisha watoto wengine wakaniambia kwamba kelasini alikuwa anaacha somo katikati, anasema: "Benye kutaka mwisho wake, mangaribi." Dola 70 zikaisha, Exetat ikafika, binti hakupita.

Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia anaacha masomo, anakuja kuuza samaki na mimi. Wandugu, kuuza samaki si haya. Lakini mimi sikuvuka lile ziwa mara mbili ili mtoto aache kwa sababu ya kaye ya kukariri.

Huyu wa pili ni kijana aliyemaliza ISP, alikuwa anafundisha bila kulipwa na Serikali. Alipokuja nyumbani sikumuuliza diploma kwanza. Nilimwambia: "Fundisha saa moja, nitakulipa hiyo saa, kisha tutaongea." Hakukasirika. Nikakaa pembeni, ninachambua ndagala.

Hakuandika kitu. Alimuomba binti kaye zake zote, akazifungua polepole, kisha akampa ulizo moja. Gari linakwenda kilometa 72 kwa saa, dereva anafunga breki, linasimama kisha sekunde 10. Limetembea umbali gani tangu breki? Binti akatoa formile yake mbio, akajibu: meta 360. Yule wa kwanza angelitia alama nyekundu na kupita. Huyu alimuuliza: "Ukifunga breki ya gari hapa mlangoni, litasimama meta 360 toka hapa. Wewe ungepanda gari hilo?" Binti akacheka, kisha akanyamaza. Alikuwa ameweka 72 ndani ya formile bila kuigeuza kuwa meta kwa sekunde. Ukiigeuza ni 20, na jibu ni meta 100. Formile aliijua muda wote. Alichokosa ni kujiuliza kama jibu lake linaweza kuwa la kweli.

Halafu akamsomea ulizo lingine la Kifaransa, lenye neno "un mobile". Akamuuliza, mobile ni nini? Binti yangu akajibu: telefone. Miaka miwili mtoto anasoma fizike akifikiri kuna telefone inayotembea njiani! Kumbe ni kitu chochote kinachokwenda: gari, jiwe, mtu. Hakuna aliyemuuliza hata mara moja. Kijana akaniambia: "Mama, mtoto huyu hana ugonjwa wa fizike. Ana ugonjwa wa Kifaransa, na kidogo wa mafungu katika hesabu. Wiki tatu za kwanza nitafundisha hayo, usione kama ninakula feza yako bure."

Hapo njo nilimuamini. Ukienda kwa daktari akakupa dawa bila kukupima, unatoka unanung'unika. Mwalimu naye apime. Akianza kuandika formile siku ya kwanza bila kujua mtoto anaangukia wapi, muombe radhi na umlipe saa yake.

Siku moja aliniazima mizani yangu ile ya kuning'iniza. Akafunga jiwe kwa kamba: kilo 2. Akachukua ndoo iliyojaa maji mpaka mdomoni, akaiweka ndani ya beseni, akazamisha jiwe likiwa bado linaning'inia. Mizani ikashuka, kilo 1 na gramu 200. Maji yaliyomwagika kwenye beseni wakayapima kwa chupa: karibu desilita 8. Gramu 800 zilizopotea kwenye jiwe ni uzito wa maji yale. Binti alikuwa anaijua sheria ya Archimède kwa kichwa, anaisema kama sala, lakini siku ile aliinuka kwenye kiti. Na mimi niliyeacha masomo kelasi ya sita nikaelewa kwa nini wavu uliojaa ni mwepesi ndani ya maji na unakata mikono ukiutoa. (Mizani ilirudi na kutu kidogo. Nimesamehe.)

Wengi munaniuliza: mama, sisi hatukusoma, tutamjuaje mwalimu muzuri? Mimi nilifanya hivi. Kila jumamosi nilimwambia binti: nieleze kwa Kiswahili mulichosoma. Kama alieleza nikaelewa hata nusu, nilijua kimeingia. Kama alisema "ni formile tu, mama", nilijua hakuna kitu. Nilifungua pia kaye. Kaye ya mtoto anayejifunza ni chafu, ina makosa yamekatwa, yamefanywa tena. Na nilimpenda kijana yule zaidi siku aliposema mbele yetu: "Hili sijui vizuri, nitarudi nalo keshokutwa," na akarudi nalo. Yule anayekuahidi asilimia kabla hajamwona mtoto, mukimbie.

Jambo lingine nitalisema wazi, wababa musiangalie chini. Binti zetu wengi wanafundishwa na wanaume, na tunajua pwenti zinanunuliwa kwa nini katika masomo fulani. Kwangu somo lilifanyika barazani, mchana, watu wanapita. Kijana mwenyewe aliomba iwe hivyo. Mwalimu anayetaka mtoto amfuate kwake peke yake usiku, hata awe anajua fizike kuliko wote, hapana.

Juu ya feza. Primere ni bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa bado, na walimu wengi wangali wanangojea Serikali iwaandike kwenye listi ya mishahara. Kwa hiyo kijana yule si mwizi akiomba dola 10, anakula hapo. Mimi nilimlipa kila mwisho wa mwezi bila kumzungusha, hata mwezi ambao ziwa lilichafuka na samaki hawakuonekana. Mwezi ule nilimlipa nusu kwa feza, nusu kwa ndagala, tulipatana. Tukiwazungusha walimu watakwenda Uvira.

Baba mmoja, yuko hapa na ananisikia, alisema wiki iliyopita tusipoteze feza kwa repetisyo, tuikusanye kwa ajili ya wale wanaouza majibu siku ya Exetat. Baba, nakuheshimu. Lakini karatasi zile zinapangwa kwa seria mbalimbali, jibu lililonunuliwa laweza kuwa la mtoto mwingine. Na hata likiwa la kwake, mwaka unaofuata atakaa mbele ya profesa pale iniversite. Hapo utamununulia nini?

Binti yangu alirudia mwaka, akapita kwa asilimia 56. Si nyingi. Ni zake.

Sasa kamati inapendekeza hivi. Tuna wafinalisti 9 wa opsio za siyansi. Mwalimu mmoja, makundi mawili, kila kundi mara mbili kwa wiki, dola 60 kwa mwezi. Kila muzazi atoe dola 3, hizo ni 27. Kisanduku chetu kiongeze 33. Kwa miezi 8 kisanduku kitatoa dola 264, na mweka hazina atasoma hesabu hapa kila mwezi, hata kama kuna aibu ndani yake. Wafadhili, vitabu hatuwaombi safari hii. Tunaomba mizani ndogo mbili za ndoano, kipimo cha umeme kimoja, nyaya, balbu ndogo na betri.

Kuna vijana watatu waliokubali kujaribiwa. Jumamosi, saa tisa mchana, barazani kwangu, kila mmoja atafundisha saa moja mbele ya watoto wote 9. Wazazi mukuje mukae pembeni. Kisha tutawatoa walimu nje, na watoto watatueleza kwa Kiswahili walichosikia. Ndoo ninayo. Mizani safari hii alete mwingine.